Ada ya Korti na Mwanachama Asiye na Kitu



Nataka ruhusa yenu niutumie ukurasa huu, ambao kwa desturi huwa ni wa khabari za bei, magunia na majamvi, kwa jambo jingine. Jambo lenyewe si la shamba, lakini limo ndani ya shamba. Ni ile ada ya kufungulia shauri kortini, na vipi ada hiyo inavyowafungia mlango wenzetu wasio na kitu. Maoni haya ni yangu mimi. Kamati haijayapitisha bado, na ndiyo maana nayaleta mbele yenu kabla ya mkutano, ili kila mtu aje na neno lake.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka juzi, msimu ukiwa haujaingia, alikuja ofisini bibi mmoja, mjane wa mwanachama wetu. Jina lake na mtaa wake sivitaji, kwa sababu ya sitara. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa juu ya gunia tupu kwa kuwa kiti chetu cha pili kilikuwa kimejaa daftari. Akafungua pindo la kanga yake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akasema, "Mwanangu, wewe umesoma. Nisomee hii."

Khabari yake ilikuwa hivi. Marehemu mumewe aliacha mikarafuu 40, mjane huyu, binti mmoja mdogo, na ndugu yake mmoja wa kwa baba na mama. Deni hakuacha. Hesabu ya mirathi kama hiyo haina mgogoro: mke ana thumuni, nayo ni miti 5, binti ana nusu, nayo ni miti 20, na ndugu huchukua kilichobaki, nacho ni miti 15. Hata kijana wa chuoni aifanya hesabu hii kwa vidole vyake. Lakini shemeji yake aliingia shamba na wachumaji wake, akachuma yote 40, akaanika, akauza, kisha akampelekea mjane gunia moja la mchele na doti moja ya kanga, akasema kwamba haki yake ndiyo hiyo.

Wazee wa mtaa waliitwa wakasema naye, asisikie. Sheha alimwita, asende. Ndipo bibi yule alipokwenda kuuliza namna ya kufungua shauri, na huko akaandikiwa ile karatasi aliyoniletea. Ilikuwa ni orodha ya fedha zinazotakiwa: ada ya kufungua shauri, ada ya hati, na gharama ya kumpelekea mdaiwa wito. Nikamsomea mstari kwa mstari. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na nisipokuwa nazo?"

Nikamjibu neno ambalo mpaka leo laniuma. Nilimwambia, "Basi, bibi, tafuta fedha kwanza, kisha urudi."

Akaenda kutafuta fedha. Alishona makuti, alichuma karafuu za watu kwa ujira, aliuza kuku wake. Alirudi baada ya mwaka mzima, na mkononi ana nusu ya fedha zile. Muda huo shemeji yake alikuwa amekwisha chuma msimu wa pili. Miti 25 ya mjane na yatima, misimu miwili, imechumwa na mtu mwingine, na sababu si kwamba sheria haikuwapo, wala si kwamba kadhi hakuwapo. Sababu ni kwamba mlangoni pa haki pana malipo, na yeye hakuwa nayo.

Siwalaumu makarani waliomwandikia orodha. Karani huandika lililoamriwa. Lawama najitwika mimi, kwa sababu sikumwuliza mtu yeyote kama ada ile yaweza kusamehewa. Nilidhani ada ni kama nauli ya gari: mwenye nayo hupanda, asiye nayo huenda kwa miguu. Tangu siku hiyo nimesoma nilichoweza kusoma, na nimeuliza wanaojua, nikaona kwamba nilikosea. Korti si gari.

*

Kwanza tutazame ada inavyomgusa mkulima wa karafuu, kwani hali yake si sawa na hali ya mtu wa mshahara.

Mtu wa mshahara hujua mwisho wa mwezi atapata nini. Mkulima wa karafuu hajui. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja huinama kwa uzito, na mwaka wa pili hutoa majani matupu. Hata mwaka wa neema, fedha huja kwa miezi michache tu, na fedha hizo zina wenyewe kabla hazijafika mfukoni: mchumaji ana ujira wake, mwenye duka ana deni lake la mchele, na wengine walikwisha uza mavuno yakali mtini ili wapate kulipia mgonjwa au ada ya skuli. Mtu huyu ukimtazama juma anapotoka kupima gunia zake kituoni utasema ni tajiri. Mtazame miezi sita baadaye, utamkuta anakopa pishi ya unga.

Basi mtu kama huyu akienda kuomba asamehewe ada, swali la kwanza ataloulizwa ni hili: "Una mali gani?" Naye kwa ukweli wake atajibu, "Nina miti 25." Anayeuliza ataandika: ana mali. Lakini miti ile ndiyo hiyo hiyo iliyoporwa! Kumwambia mtu alipe ada kwa mali iliyomo mikononi mwa mdaiwa wake ni sawa na kumwambia aliyeibiwa mashua aende akavue samaki kwa mashua hiyo ili apate nauli ya kwenda kushitaki.

Jambo la pili ni udogo wa madai yetu. Thumuni ya mjane katika mikarafuu 40 ni miti 5. Mtu aliyechumiwa miti 3 ya mpakani, au mchumaji aliyenyimwa ujira wa wiki moja, madai yake ni madogo katika macho ya mwenye mali nyingi. Yakitolewa ada, na karatasi, na nauli ya kwenda mjini mara tatu au nne, na siku za kazi zilizopotea, huenda kilichobaki kisitoshe hata kununua jamvi. Mtu mwenye akili atajiambia afadhali anyamaze. Na mwenye kudhulumu ajua hivyo. Ajua kwamba akidhulumu kidogo kidogo, hakuna atakayemshitaki, kwa kuwa kushitaki ni ghali kuliko kudhulumiwa. Hivyo ndivyo ile methali ya "mnyonge hana haki" inavyotimia, hali ya kuwa kitabu cha sheria kinasema kinyume chake.

Jambo la tatu ni wakati. Deni la fedha laweza kungoja. Karafuu haingoji. Ikiiva huchumwa, na ikichumwa huuzwa, na ikiuzwa huchukuliwa na meli. Mwenye haki akichelewa mwaka mmoja kwa kutafuta ada, msimu mmoja umekwenda.

*

Wako watakaosema kwamba haya ya kusamehewa ada ni mambo mapya. Sivyo. Ni mambo ya zamani sana.

Sisi tuliosomeshwa chuoni twajua kwamba mwenye kuhukumu ameamrishwa asimame katika uadilifu, akiwa mwenye shauri ni tajiri au ni fakiri. Twajua pia waraka ambao Sayyidna Umar alimwandikia Abu Musa al-Ash'ari katika mambo ya ukadhi, kwamba awafanye watu sawa mbele yake, hata mkubwa asitamani upendeleo wake, wala mnyonge asikate tamaa ya uadilifu wake. Sasa mnyonge ambaye hakufika hata mbele ya kadhi, kwa kukosa fedha ya mlangoni, vipi asikate tamaa?

Waingereza nao, ambao wana desturi ya kutoza ada kwa kila hati, walipitisha sheria mwaka 1495, zama za mfalme wao Henry wa Saba, kwamba masikini aweza kufungua shauri bila ya malipo, na apewe wakili wa kumsemea. Zaidi ya miaka 500 imepita tangu hapo. Kutoka kwao jambo hili likaenda India. Sheria ya India ya mwenendo wa mashauri ya madai ya mwaka 1908 ina mlango mzima, Amri ya 33, juu ya mashauri ya watu wasio na uwezo. Na katika zama za himaya ya Waingereza, iliyoanza mwaka 1890, sheria za India ndizo zilizotumiwa katika korti zao hapa Unguja na Pemba. Kwa hivyo tunapoomba msamaha wa ada, hatuombi kitu kigeni. Twakitafuta kilichokuja pamoja na ada yenyewe.

Mlango huo wa sheria ya India una mambo matatu ambayo nataka kila mwanachama ayajue.

La kwanza: katika kupima uwezo wa mtu, mali inayogombaniwa haihisabiwi. Kama ugomvi ni wa miti, miti ile haiwekwi katika mizani ya utajiri wake. Angalieni jinsi neno hili moja linavyoliondoa lile tatizo nililolitaja juu.

La pili: msamaha si zawadi ya bure kwa kila mtu, wala Serikali haitupi fedha yake baharini. Aliyesamehewa ada akishinda, korti huikata ada ile kutoka kwa yule iliyemwamuru kulipa, au katika mali iliyopatikana. Yaani ada huahirishwa, na mwisho wake hulipwa na mwenye kosa. Na mwombaji akishindwa, aweza kudaiwa yeye.

La tatu: ombi hutazamwa kabla. Mwombaji aweza kuhojiwa juu ya mali yake na juu ya madai yake, na upande wa pili hupewa nafasi ya kupinga. Aliyeficha mali kwa hila, au ambaye madai yake hayana msingi wowote, hukataliwa.

Wahindi wenyewe waliutengeneza mlango huu mwaka 1976. Waliliondoa lile neno la kumwita mtu masikini, wakaweka neno la mtu asiye na uwezo, kwani hapana haja ya kumvunjia mtu heshima yake ndipo apate kusikilizwa. Nasi tukumbuke hayo. Wako wanachama wetu ambao wangependa kupoteza miti 10 kuliko kusimama mbele ya watu na kuitwa mafukara.

Majirani zetu wa Kenya walikwenda mbele zaidi. Katika Katiba yao ya mwaka 2010, kifungu cha 48, waliandika kwamba Serikali itahakikisha watu wote wanaifikia haki, na kama kuna ada yoyote, basi iwe ya kiasi, na isiwe kizuizi cha kuifikia haki hiyo. Katiba yetu ya Zanzibar ya mwaka 1984, katika kifungu cha 12, yasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Mimi si mwanasheria, lakini naona maneno haya mawili ni ndugu. Watu hawawi sawa mbele ya sheria ikiwa mmoja yumo ndani ya chumba na mwenzake amezuiwa nje kwa kukosa fedha.

*

Sasa nataka kukuelezeni shauri moja la Uingereza, kwa sababu lina mafundisho kwa chama kama chetu.

Mwezi wa Julai mwaka 2013 Serikali ya huko iliweka ada kwa wafanyakazi waliotaka kuwashitaki waajiri wao katika mabaraza ya kazi. Kabla ya hapo ilikuwa bure. Mtu mmoja mwenye shauri jepesi alitakiwa jumla ya pauni 390 mpaka shauri lisikilizwe, na mwenye shauri zito, kama la kufukuzwa kazi bila ya haki, pauni 1,200. Msamaha kwa wasio na uwezo ulikuwapo katika karatasi, lakini masharti yake yalikuwa magumu na waliosaidika walikuwa wachache. Matokeo yake? Mashauri yalishuka kiasi cha theluthi mbili. Si kwamba waajiri waliongoka wote kwa siku moja. Watu waliacha kudai.

Chama cha wafanyakazi kinachoitwa UNISON kikaenda kortini kuipinga ada ile. Kikashindwa katika korti za chini. Hakikuchoka, kikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na tarehe 26 Julai 2017 majaji saba wakatoa hukumu kwamba ada ile haikuwa halali tangu siku ilipowekwa. Ikaondoshwa, na Serikali ikaahidi kuwarejeshea fedha waliolipa.

Sababu walizozitoa majaji zafaa zisomwe hata na mkulima. Walisema kwamba korti si huduma ya faida kwa yule tu anayeitumia. Shauri la mtu mmoja likiamuliwa, maelfu ya watu wasiofika kortini hufaidika, kwa kuwa hujua sheria yasemaje, na mwenye kutaka kudhulumu huogopa. Walisema kadhalika kwamba haitoshi kusema mtu angaliweza kuipata ada kama angalijinyima. Ikiwa familia lazima iache matumizi yake ya kawaida na ya lazima ili kulipa ada, basi ada hiyo haiwezi kuitwa kitu cha kulipika. Tena walisema kwamba, hata kwa mwenye nazo, ada ikiwa kubwa kuliko faida ya madai madogo, mwenye akili hatodai, na hilo nalo ni kumzuilia haki.

Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka yule bibi na kuku wake. Kweli, alikuwa aweza kuipata ile ada. Angaliipata baada ya miaka miwili, kwa kula mlo mmoja kwa siku na kumwondoa binti yake skuli. Je, huko ndiko kuweza?

Na fundisho la pili ni hili: aliyelipeleka shauri lile si mfanyakazi mmoja mnyonge. Ni chama. Mtu mmoja angalichoka katika korti ya kwanza. Chama kina daftari, kina katibu, kina michango, na kina subira. Basi na sisi tuna chama.

*

Nimekwisha yasikia maneno ya wanaopinga, hata miongoni mwetu. Nitayajibu kwa heshima.

Wengine wasema, "Ada ikisamehewa, kila mwenye fitina atakimbilia kortini, na majirani hawatolala." Hofu hii ina ukweli ndani yake, kwani sote twawajua watu wapendao mashauri kama wengine wapendavyo kahawa. Lakini tazameni vizuri. Mfitini mwenye fedha hazuiliwi na ada hata leo. Ada humzuia masikini peke yake, awe mkweli au mwongo. Kinachomzuia mfitini ni ule uchunguzi wa ombi, na khofu ya kulipishwa gharama akishindwa.

Wengine wasema, "Korti nazo zataka karatasi, taa na mishahara." Ni kweli. Na wenye uwezo waendelee kulipa, tena kwa wakati. Sisi hatuombi ada ifutwe. Twaomba asiye nayo aingie sasa, na hesabu ifanywe baadaye.

Wengine, nao ni wazee wangu, wasema, "Mambo haya yalikuwa yakimalizwa barazani, kortini kwavunja udugu." Nawaunga mkono kwa moyo wote, ila kwa sharti moja. Suluhu ya barazani hufaa pale ambapo pande zote mbili zajua kwamba, ikishindikana, korti ipo. Yule shemeji aliwadharau wazee kwa sababu alijua mjane hana pengine pa kwenda. Mlango wa korti ukiwa wazi, wazee nao hupata nguvu.

*

Ninachoomba, basi, kimegawika sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni barua ya chama kwa wakuu wa Mahakama, kwa adabu na kwa saini za wanachama. Tuombe mambo matano. Moja, namna ya kuomba kusamehewa ada iandikwe kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja, na ibandikwe ukutani kila korti, pamoja na Mahakama za Kadhi, na kwa kila sheha. Mimi katika safari zangu sijapata kuliona tangazo la namna hiyo. Mbili, ombi lenyewe lisitozwe ada, na barua ya sheha pamoja na kiapo cha mwombaji vitoshe kuwa ushahidi wa hali yake. Tatu, mkulima apimwe kwa mapato ya mwaka mzima, si kwa mwezi wa mavuno, na miti inayogombaniwa isihisabiwe kuwa utajiri wake. Nne, jibu la ombi litolewe upesi, tuseme siku 14, ili msimu usimpite mtu. Tano, asiyestahili kusamehewa yote aruhusiwe kulipa nusu, au kulipa baada ya kuuza karafuu zake.

Sehemu ya pili ni ya chama chenyewe. Kila tawi lichague mtu mmoja ajuaye kuandika vizuri, mwanamume au mwanamke, ajifunze kuandika maombi haya na kuwaandikia wanachama bila ya malipo. Hapa petu iko Sheria ya Msaada wa Kisheria, Namba 13 ya mwaka 2018, na wako wasaidizi wa sheria katika shehia nyingi. Tusijifanye wajuzi peke yetu, twende tukajifunze kwao. Kadhalika naiomba Kamati itenge fedha kidogo katika michango yetu kwa nauli na karatasi za mwanachama aliyekosa kabisa. Fedha ya gunia moja kwa tawi kila msimu yaweza kufungua milango mingi.

Sehemu ya tatu ni ya kila mmoja wetu. Kabla ya kuomba msamaha wa ada, twende barazani kwanza, tutafute suluhu kwa nia safi. Tukiapa juu ya hali zetu, tuape kweli. Mwenye gari mlangoni akijiandika hana kitu, atakuwa amewafungia mlango wenziwe kumi. Na zaidi ya yote, tusiwe sisi ndio madhalimu. Nasema haya kwa uchungu, kwani yule shemeji aliyechuma miti 40 badala ya 15, jina lake nimelikuta katika daftari letu la wanachama, na michango yake ameilipa yote.

*

Mwezi uliopita nilimfuata bibi yule kwake, sikungoja arudi ofisini. Nilimwomba radhi kwa jawabu nililompa. Alicheka kidogo, akasema, "Mwanangu, wewe hukuniudhi, uliniambia lile ambalo kila mtu ananiambia." Neno hilo lilinitia haya kuliko kama angalinitukana.

Tumekwisha andika naye ombi la kusamehewa ada, ukurasa mmoja. Sheha ametia mkono wake. Tumeandika kwamba ana kuku wawili, nyumba ya makuti, binti mmoja wa skuli, na haki katika miti 25 ambayo hajapata hata tawi moja. Tutalipeleka juma lijalo. Sijui litajibiwaje, lakini safari hii hatokwenda peke yake. Nitakwenda naye, na nimewaomba wajumbe wawili wa tawi lake wafuatane nasi.

Mikarafuu imekwisha toa vishada vichanga. Yeyote mwenye khabari ya mwanachama aliyezuiliwa na ada, au mwenye hoja ya kupinga haya niliyoyasema, aniletee kwa maandishi au kwa mdomo kabla ya mkutano mkuu. Hoja ya kupinga nayo nitaisoma mbele ya watu, neno kwa neno. Lakini nawaombeni tusiuache msimu wa tatu ukaingia na sisi tungali twajadiliana.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama